Waandikwao na Waandikao

Mtu atakayeshika njia kutoka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, akawa na subira ya kusoma vibao vya mitaa, atakuwa ameizunguka sehemu kubwa ya nchi kabla hajalifikia soko. Upo Mtaa wa Pemba na upo Mtaa wa Mafia. Ipo mitaa ya Nyamwezi, Gogo na Udoe. Ipo ya Lindi, Kongo na Somali. Katika nyumba za mitaa hiyo wamekaa Wazaramo, ambao ndio wenyeji, pamoja na Wamanyema ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wangazija, Wanubi waliokuja na majeshi ya Wajerumani, Washihiri wenye maduka, na watu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kutafuta riziki na wasirudi. Mji huu haukuwa na desturi ya kumuuliza mtu kabila lake alipotaka chumba cha kupanga. Hiyo ni sifa ambayo tunayo haki ya kujivunia.

Lakini liko jambo moja ambalo sifa hiyo imelifunika, nalo tunapenda kulileta leo mbele ya wasomaji wetu wa visiwani na mbele ya waheshimiwa wenye dhamana ya elimu katika Serikali zetu mbili. Jambo lenyewe ni fedha za kusomea shahada ya uzamivu, yaani ile shahada ya juu kabisa ambayo aliyeipata huitwa Daktari hata kama hajui kumpima mtu homa. Fedha hizi hupewa nani? Na ni akina nani ambao hawazifikii kamwe, si kwa sababu mtu amewakataza, bali kwa sababu mlango wake umewekwa mahali ambapo wao hawapiti?

Hapana shaka wapo watakaotushangaa. Watasema kwamba katika nchi ambayo bado ina shule zenye upungufu wa madawati na walimu, kujadili shahada ya tatu ni sawa na kuzungumzia udi na ubani katika nyumba ambayo haijaezekwa. Hoja hiyo ina uzito wake, wala hatuidharau. Hata hivyo, mwenye uzamivu ndiye anayewafundisha wale watakaowafundisha walimu. Yeye huitwa kwenye tume, hushirikishwa katika kutunga mitaala, na huandika ile taarifa ambayo Katibu Mkuu huisoma usiku kabla ya kumshauri Waziri asubuhi. Jamii isiyo na mtu wa namna hiyo huzungumziwa na wengine. Pengine huzungumziwa vizuri, pengine vibaya, lakini siku zote huzungumziwa.

Tuchukue kisiwa cha Mafia. Mwaka 1965 alifika huko mtafiti kijana wa Kiingereza, Pat Caplan, akakaa katika kijiji cha kaskazini mwa kisiwa, akajifunza maisha ya watu na ndoa zao na namna wanavyorithishana ardhi, kisha akaandika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London, na baadaye kitabu kilichochapishwa mwaka 1975. Amerudi Mafia mara nyingi tangu hapo. Katika kitabu chake kingine, cha mwaka 1997, mna maandishi ya shajara iliyoandikwa na mwanakijiji mmoja wa huko. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Mvutano uliozuka baina ya wavuvi, wataalamu na wenye hoteli ukaandikwa na Mmarekani, Christine Walley, katika kitabu cha mwaka 2004 kilichotokana na utafiti wake wa uzamivu.

Hatuna neno baya la kusema juu ya mabibi hawa wawili. Walifanya kazi ya kweli, na kama si wao mengi yangalipotea. Tunalotaka msomaji alitazame ni yule mwanakijiji mwenye shajara. Alikuwa na jicho la kuona, lugha ya kueleza na uvumilivu wa kuandika siku baada ya siku, na hizo ni sifa tatu ambazo kila msimamizi wa tasnifu huzitafuta kwa mwanafunzi wake. Kalamu ilikuwapo Mafia. Fedha ndizo zilizokuwa London.

Na Mafia si peke yake. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu ambao hesabu yao haifiki elfu mbili. James Woodburn aliwaandikia tasnifu ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1964, na tangu wakati huo watafiti hawajakoma kwenda. Wamepima wanachokula, wanavyotembea na wanavyolala, na katika miaka ya karibuni hata vijidudu vilivyomo matumboni mwao. Jamii ndogo kama hiyo imewapatia shahada na vyeo watu wengi wa nchi za mbali. Ni halali kuuliza imepata nini yenyewe.

Hata Kariakoo, iliyo katikati ya mji mkubwa kuliko yote nchini, haikusalimika. Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa maisha ya watu wa Dar es Salaam ulifanywa katika miaka ya 1950 na J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, ukachapishwa mwaka 1963. Baada yake wamekuja Andrew Burton, James Brennan, Emily Callaci na wengineo, kila mmoja na kitabu kilichotoka katika nyaraka, magazeti na masimulizi ya wazee wa mitaa yetu. Vitabu hivi tunavisoma na tunavifaidi. Lakini ukitaka kujua mtoto wa mtaani angeandika nini, itakubidi upekue sana.

Ukipekua, hata hivyo, utakuta ushahidi wa kutosha. Katika miaka ya awali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid Sykes, aliandika akiwa mwanafunzi juu ya maisha ya babu yake, Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Makala hayo yaliingizwa katika kitabu alichokihariri John Iliffe mwaka 1973, na Mtaa wa Kipata, alikoishi mzee huyo, leo unaitwa kwa jina lake. Kurasa zenyewe si nyingi. Nguvu yake ni kwamba mwandishi alikuwa na kumbukumbu za nyumbani ambazo mgeni angehitaji miaka ya kunywa chai barazani kabla hajaonyeshwa. Hadi leo ni shida kumkuta mtu anayeandika historia ya mji huu bila kuyataja makala hayo. Hayo yalifanywa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mtu hujiuliza ni kurasa ngapi nyingine za namna hiyo zimebaki katika makasha ya Kariakoo, Ng'ambo na Chake Chake kwa sababu wajukuu wa wenyewe hawakupata mtu wa kuwagharimia miaka minne ya kuzisoma.

Unguja nayo ilionyesha mapema jinsi mambo yanavyobadilika mwenyeji anaposhika kalamu. Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar, alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha London mwaka 1971 kwa tasnifu juu ya uchumi wa Zanzibar ya karne ya kumi na tisa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichochapishwa mwaka 1987, kiliwalazimisha wanahistoria wa dunia nzima kuitazama biashara ya karafuu, pembe na watumwa kwa jicho jingine. Farouk Topan, naye mzaliwa wa Zanzibar, alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili pale Dar es Salaam mwaka 1968, wakati wapo waliodhani kwamba somo hilo haliwezi kufundishwa Chuo Kikuu, akapata uzamivu wake London mwaka 1972. Haya ni matunda ya watu wachache mno. Hatuwezi kuyafanya kuwa ushahidi kwamba njia iko wazi kwa wote.

Sasa na tuulize njia yenyewe ilijengwaje. Chuo Kikuu chetu kilizaliwa hatua chache tu kutoka sokoni. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika kumi na watano. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 chuo kikaingia pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. (Wazee wa Unguja watacheka kwamba hata wao walikuwa na Lumumba yao: shule iliyoitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita ndiyo iliyopewa jina hilo baada ya Mapinduzi.)

Katika siku hizo walimu wengi wa Chuo walikuwa wageni, na haja kubwa ya taifa ilikuwa kupata wananchi wa kushika nafasi zao. Kusomea uzamivu kulimaanisha kupanda ndege. Isaria Kimambo alikwenda Northwestern, Marekani, akarudi na shahada yake mwaka 1967 kuja kufundisha historia. Fedha zilitoka serikalini, au kwa wafadhili kama Rockefeller Foundation, na baadaye Sweden, ambayo imesaidia utafiti nchini tangu miaka ya 1970, mara nyingi kwa mpango wa mwanafunzi kusoma nusu hapa na nusu huko. Karibu fedha zote zilifuata kiti. Aliyechaguliwa kuwa mwalimu wa Chuo ndiye aliyepelekwa, kwa kuwa kiti chake kilimngoja. Kwa wakati ule huo ulikuwa uamuzi wa busara, na asiyeukubali hakumbuki hali ilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba dharura ile imegeuka kuwa desturi. Zaidi ya nusu karne imepita, vyuo vikuu vimekuwa vingi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikiwa miongoni mwake tangu kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, lakini sehemu kubwa ya fedha za uzamivu bado hufuata kiti. Mradi mkubwa wa elimu ya juu uliokopewa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021 una fungu la kusomesha wahadhiri. Ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini mhadhiri ni mtu aliyekwisha kuingia ndani. Mikopo ya Bodi ya Tanzania Bara, iliyoanza kazi mwaka 2005, na ile ya Bodi ya Zanzibar iliyoundwa mwaka 2011, kwa sehemu yake kubwa imekwenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama ilivyostahili.

Basi mlango wa kweli wa uzamivu hauko kwenye uzamivu. Uko nyuma kabisa, pale kijana anapomaliza shahada ya kwanza na kuomba kazi ya mkufunzi msaidizi. Kwa mujibu wa taratibu za utumishi wa wanataaluma, anatakiwa awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 katika kipimo cha 5. Asiyeufikia wastani huo, hata kama baadaye atakuja kuwa mtafiti hodari kuliko wenziwe, amekwisha kuachwa na meli akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu au minne. Na ni nani hasa anayeufikia? Si mwenye akili peke yake. Huufikia zaidi yule aliyeanza Kiingereza tangu chekechea, aliyekuwa na vitabu nyumbani, ambaye ndugu yake alikwisha kupita chuoni na kumwambia mwalimu yupi hutaka nini. Kijana wa Micheweni aliyesoma kwa taa ya chemli hadi kidato cha pili, ambaye mwaka wake wa kwanza chuoni aliutumia kupambana na lugha ya kufundishiwa, atamaliza kwa 3.5 akiwa amepanda ngazi ndefu zaidi. Kipimo chetu husoma alipofika, hakisomi alipoanzia.

Milango mingine nayo ina makufuli yake. Misaada kutoka nje mara nyingi hutaka barua ya mwajiri ya kumruhusu mwombaji, na asiye na mwajiri hana wa kumwandikia. Shirika la DAAD la Ujerumani, katika misaada yake ya kusomea ndani ya kanda yetu, hutaka shahada ya mwisho ya mwombaji isiwe imepita miaka sita. Sharti hilo halimsumbui aliyepita moja kwa moja kutoka shahada hadi shahada. Humwondoa yule aliyesimama miaka minane akiuza vitambaa Mtaa wa Kongo ili wadogo zake wamalize shule, na kwa jamii zetu nyingi za pwani na visiwani mtu huyo ndiye wa kawaida.

Tofauti hizi zina mizizi, na si haki kuzitupia lawama zama zetu peke yake. Wakoloni waliugawa mji huu sehemu tatu kwa rangi za watu, Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa kuwatenga wa Kariakoo na wa Uhindini. Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1962. Nje ya mji, shule zilifuata misheni na kahawa. Kilimanjaro ilikuwa na chama chake cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na fedha za zao hilo zilichangia kusomesha vijana. Pwani, kusini, nchi ya wafugaji na visiwa havikupata bahati ya namna hiyo. Serikali huru ililitambua hilo. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa kwa mikoa na wilaya ili sehemu zilizoachwa nyuma zisiachwe zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na idadi ya wanawake ikashuka, haikupita miaka mingi wanawake wakaondolewa sharti hilo. Maana yake ni kwamba nchi hii imekwisha kukubali, kwa matendo, kwamba usawa wa sheria moja kwa watu wasiolingana huweza kuzaa dhuluma. Iliishia kidato cha kwanza na shahada ya kwanza. Juu zaidi ya hapo haikupanda.

Nchi za wenzetu zimejaribu. Marekani, baada ya mwanaanga mweusi Ronald McNair kufa katika chombo cha Challenger Januari 1986, ilianzisha kwa jina lake mpango wa kuwaandaa kwa uzamivu wanafunzi wa familia maskini na wa jamii zenye watu wachache katika vyuo. Ubora wa mpango huo ni kwamba haumngoji mtu amalize. Humshika akiwa bado katika shahada ya kwanza, humpa profesa wa kumlea na utafiti mdogo wa kujifunzia. India ilianzisha mwaka 2005 misaada ya uzamivu iliyotengwa kwa ajili ya matabaka na makabila yaliyokandamizwa kwa karne nyingi. Jirani zetu wa Kenya wameandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 56, kwamba dola iwape watu wa jamii ndogo nafasi maalumu katika elimu.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ulikuwa ni ule wa Ford Foundation, iliyotenga dola milioni 280 kwa ajili ya misaada ya shahada za juu katika nchi 22, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2013 ulikuwa umewasomesha watu zaidi ya 4,300. Jambo la ajabu kuhusu mpango huo ni kwamba haukuanza kwa kuuliza ni nani mwenye alama kubwa. Uliuliza ni nani ambaye, katika nchi hiyo, kwa kawaida hafiki hapa: kwa sababu ya mahali alipozaliwa, jinsia yake, ulemavu wake, au umaskini wa nyumbani kwao. Jibu liliachwa litolewe na watu wa nchi yenyewe. Aliyechaguliwa alipewa kwanza muda wa kujiandaa kwa lugha na kwa utafiti, kisha ndipo akatafutiwa chuo. Wengi walisomea uzamili na wachache uzamivu, na fedha zilipokwisha mpango ukaisha nazo. Hatukusikia serikali yoyote ya kanda yetu ikisema: tumeona jinsi inavyofanyika, sasa tutaifanya wenyewe.

Hapa ndipo linapokuja swali gumu, nasi hatutalikwepa. Jamii ndogo ni ipi? Sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao. Kuacha kuuliza kulikuwa ni hekima, na yeyote aliyetazama yaliyowapata majirani zetu baadhi hatatamani turudi huko. Isitoshe, hata tukirudi hatutafika popote. Mchukue kijana wa Mtaa wa Mchikichi ambaye babu yake ni Mmanyema, bibi yake Mngazija, na mama yake ametoka Mkoani, Pemba. Mpe fomu yenye nafasi ya kabila. Ataandika nini? Akiandika Mswahili, karani atamwambia hilo si kabila. Msaada unaogawiwa kwa kabila ungemkosa mtu huyu kabisa, nao ungempata mtoto wa profesa au wa mkurugenzi mwenye jina la kabila dogo, aliyezaliwa Masaki na ambaye hajawahi kufika kwao.

Kinachomtambulisha mtu kuwa ameachwa nyuma, katika nchi yetu, ni shule aliyosoma. Shule ndiyo iliyobeba ndani yake umbali wa kisiwa, umaskini wa wilaya, wito wa wafugaji kuhama na mifugo, na msongamano wa madarasa ya mjini. Ukijua mtu alifanyia wapi mtihani wake wa kidato cha nne, umejua mengi juu ya ngazi aliyoipanda, wala hukumuuliza ukoo wake.

Tunatambua kuwa maprofesa baadhi watahofia kushuka kwa kiwango. Hofu hiyo tungeipokea kama tungekuwa tunaomba tasnifu dhaifu ipitishwe. Hatuombi hivyo. Watahini wabaki wale wale na ukali wao ule ule. Tunachoomba kibadilishwe ni nani anayepewa miaka minne ya kujaribu. Sehemu ya fedha za uzamivu, hata iwe ndogo kwa kuanzia, itengwe kwa watu wasio na kiti chuoni: mwalimu wa sekondari ya Kilindoni ambaye kwa miaka kumi amekuwa akiandika majina ya samaki na pepo, mtunza nyaraka wa Kilimani, mkunga, ofisa uvuvi. Wapimwe kwa kazi waliyokwisha kuifanya na kwa andiko la utafiti, si kwa cheti cha ujanani peke yake. Wapewe mwaka mmoja wa maandalizi, kwa kuwa andiko la utafiti ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Na pale ambapo somo lenyewe ni lugha, fasihi, historia au mila za watu wetu, waruhusiwe kuandika kwa Kiswahili, kama wanavyofanya tayari wanafunzi wa Kiswahili pale Mlimani, badala ya kuwalazimisha kutafsiri mambo ya bibi zao kwa lugha ambayo bibi zao hawataisoma.

Vile vile upo utaratibu mmoja ambao ungeweza kuzaa fedha bila kuigusa hazina. Mtafiti mgeni anayetaka kufanya kazi Tanzania Bara huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, naye hutakiwa awe na mshirika mwenyeji. Mara nyingi mwenyeji huyo huishia kuwa saini tu kwenye barua, au mkalimani anayelipwa kwa siku. Sharti hilo lingeweza kupewa meno. Kwa miradi mikubwa inayodumu miaka mingi katika jamii moja, kama ile ya Eyasi, mshirika awe mwanafunzi wa uzamivu kutoka wilaya inayotafitiwa, na gharama zake ziwe ndani ya bajeti ya mradi. Wafadhili wa nje wamekwisha kuzoea kulipia magari, mitambo ya maabara na tiketi za ndege. Mwanafunzi mmoja hatawafilisi.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani tuna neno la pekee. Zanzibar ina Bodi yake ya mikopo, nayo inaweza kuanza bila kungoja Bara. Lakini Mafia ni kisiwa kisichokuwa Zanzibar. Tangu Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani hii mwaka 1890 kimehesabiwa upande wa Bara, na leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Mtoto wa Mafia anavuka bahari kama mtoto wa Pemba, anavua samaki wale wale na kusema Kiswahili kinachokaribiana, ila Bodi ya Zanzibar haimhusu, na katika hesabu za Bara yumo ndani ya mkoa unaopakana na Dar es Salaam, ambao mtu aliye ofisini hataufikiria kuwa uko mbali. Wakati wa kugawa chochote kwa mikoa, kisiwa hicho humezwa na ardhi iliyo mbele yake.

Kabla ya yote hayo, lakini, tunahitaji kujua tulipo, na hili halihitaji tume wala semina. Baraza la Mitihani la Taifa ni chombo cha Muungano. Kila aliyefanya mtihani wa kidato cha nne, awe wa Wete, wa Kilindoni, wa Mang'ola au wa Kariakoo, ana namba ya mtihani, na mwanzo wa namba hiyo ni namba ya shule yake. Wizara zetu mbili za elimu, Bodi mbili za mikopo na vyuo vyenyewe wanayo majina ya wote waliogharimiwa uzamivu katika miaka kumi iliyopita, na vyeti vyao vimo katika majalada. Karani mmoja mwenye orodha hiyo mkono mmoja, na orodha ya namba za shule mkono wa pili, anaweza kuipanga kwa wilaya na kuikabidhi kabla Bunge halijakaa Dodoma na Baraza la Wawakilishi halijakaa Chukwani kwa ajili ya bajeti ijayo. Gazeti hili litakuwa tayari kuichapisha orodha hiyo ya wilaya, bila ya majina ya watu, siku itakapotolewa.